Mwambieni Mwenye Kioo Asubiri Ng'ombe Wanywe

Kila ninapokwenda gulioni Dutwa, hakosekani mtu wa kunivuta shati na kuniuliza mvua itaanza lini. Nyinyi vijana ndio mnaozidi. Simu iko mkononi, ndani ya simu kuna picha ya wingu na matone matatu, na bado mnakuja kwa mzee aliyestaafu kutafuta uhakika. Basi nawajibu wote hapa, mara moja, mniache ninunue dagaa wangu kwa amani. Sijawahi kutabiri mvua hata siku moja. Kwa miaka thelathini na mitatu kazi yangu ilikuwa kupima mvua iliyokwisha kunyesha, joto lililokwisha kupita na jua lililokwisha kutua. Ila naitwa Mabula, jina wanalopewa kwetu watoto waliozaliwa mvua ikinyesha, na nadhani jina hilo lilichangia kuniponza.

Niliponzwa kweli. Ilibaki nusu saa tu nifukuzwe Nkololo na mke wangu na mtoto mchanga, kwa sababu ya kivuli chenye urefu wa shubiri moja. Hilo nitalifikia. Kwanza niwaonyeshe mahali penyewe, maana siku hizi mkipita pale mnaona mlingoti mmoja tu wenye kipande cha sola, mnadhani ni mnara wa simu ulioshindwa kukua.

Kituo chetu kilikuwa nje kidogo ya Nkololo, uwanja wa hatua ishirini kwa ishirini wenye uzio wa waya. Ndani mlikuwa na kipima mvua cha shaba kilichofukiwa nusu ardhini, na kisanduku cheupe chenye kuta za mbavu za mbao kilichohifadhi vipimajoto. Juu ya nguzo fupi ya saruji palikuwa na mpira wa kioo mzito, mkubwa kama balungi. Nyuma ya kioo unaweka kadi ya karatasi ngumu. Jua likiwaka, kioo kinakusanya miale na kuunguza mstari mwembamba kwenye kadi. Wingu likipita, mstari unakatika. Jioni unaitoa kadi, na safari yote ya jua ya siku ile unayo mkononi, inanuka moshi. Niliipenda kazi hiyo mpaka mke wangu akawa anauliza kama kioo nacho nimekilipia mahari.

Aliyenifundisha ni Bwana Athumani, mtu wa Pangani, mfupi, msafi, mwenye kofia ya kufumwa na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na nyingine ya kuazimisha. Alinifundisha kuchuchumaa. Maji ya mvua ukishayamimina kwenye glasi ya kupimia, alisema, shuka mpaka jicho lako lilingane na maji, kisha soma pale chini yanapobonyea, siyo pembeni yanapopandia kioo. Ukisoma umesimama, umeidanganya nchi. Alinifundisha pia kwamba kabla ya kugusa kipima mvua, tazama nyasi. Nyasi hazina sababu ya kusema uongo.

Kubwa kuliko yote alinifundisha saa tatu asubuhi. Siku ya kwanza nilichelewa dakika sita, nikajitetea kwamba joto la saa tatu na la saa tatu na dakika sita halina tofauti. Hakunikaripia. Aliniambia nisimame nifikiri. Wakati ule ule ninaofungua kisanduku changu Nkololo, kuna mtu mwingine upande wa pili wa dunia anafungua cha kwake. Kwake ni usiku, amevaa makoti mawili, theluji inamfika magotini. Mwingine yuko kisiwani na jua linaelekea kutua. Wote, katika dunia nzima, wanatazama kwa dakika moja, kisha kila mtu anatuma alichokiona. Hakuna hata mmoja anayeweza kuiona hewa yote peke yake. Nilikuwa kijana wa Bukundi, sijafika mbali kuliko Mwanza, na asubuhi ile nilihisi nywele zinanisimama. Sikuchelewa tena.

Nikiwa pale nilioa. Mke wangu anaitwa Nyanzala, jina la watoto wa kike waliozaliwa wakati wa njaa, kwa hiyo mji mzima ulicheka kwamba Mvua kamuoa Njaa, tuone nani atashinda. Mama yake alikuwa Mayu Mbuke, mayu maana yake mama, mjane mrefu mwenye sauti nene, aliyechunga ng'ombe tangu utotoni kwa kuwa baba yake hakujaliwa watoto wa kiume. Sasa kwetu, vijana, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawasimami karibu, na neno likiwa la lazima linapitia kwa mtu wa tatu. Ni heshima, siyo ugomvi. Mayu Mbuke aliishi hatua mia mbili kutoka kituoni, na kwa miaka mingi nilimjua kwa mgongo. Yeye alinipa jina. Hakuwahi kusema Mabula. Alisema mwenye kioo. "Mwambieni mwenye kioo mbuzi wake yuko kwenye mtama wangu." Nami nikijibu, nilimjibu mtoto yeyote aliyekuwa karibu, au kama hakuna mtoto, nilimjibu mbuzi.

Bwana Athumani alipostaafu na kurudi Pangani, aliniachia kituo na nguzo moja ya chuma, urefu wa mtu, aliyoisimika mwenyewe kwa timazi. Nguzo ile haikuwa kwenye orodha ya vifaa vya serikali. Alisema mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwisho wa Septemba, jua hupita wima kabisa juu yetu, na nguzo iliyonyooka hukosa kivuli adhuhuri. Ikikosa kivuli, ujue iko sawa na kioo chako kimekaa sawa. Nikamwitikia, nikayahifadhi maneno yake kichwani, na kama mtakavyoona, nilihifadhi nusu.

Ukaja mwaka wa ukame. Pamba ilikauka ikiwa kimo cha goti. Mahindi hayakutoa hata mbegu. Lambo letu lilibaki tope katikati na maji ya kutosha mifugo ya asubuhi tu, kisha yakawa yanajikusanya tena taratibu mpaka adhuhuri. Mimi kila asubuhi nilichuchumaa mbele ya glasi tupu nikaandika sifuri kwa mwandiko mzuri. Watu walikuwa wakipita uzioni wakinitazama, na minong'ono ikaanza kwamba kile chungu cha shaba kinakunywa mvua, na kile kioo kinaliita jua. Sikuwalaumu sana. Chungu kimefukiwa ardhini, mdomo wazi kuelekea mbinguni, na mtu anaitwa Mabula anakiinamia kila siku. Kioo nacho wamekiona kwa macho yao kikitoa moshi.

Asubuhi moja ya Agosti nikakuta kipima mvua kimejaa. Nilifurahi kupita kiasi. Nikapima, milimita thelathini na mbili, nikakimbilia redio ya upepo nikatangaza. Upande wa pili wakaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema nina hakika, glasi ninayo. Nilipotoka nje kushangilia ndipo nilipoziona nyasi. Zilikuwa kavu, zinavunjika. Mtu alikuwa amemimina ndoo ya maji kwenye chungu. Ilibidi nirudi redioni kuiondoa mvua niliyoinyeshea nchi, na waliokuwa wakisikiliza kwenye vituo vingine walinicheka mpaka Krismasi. Nikahisi kuna mtu ananifanyia kejeli. Nani, sikujua, na nililala na hasira hiyo kwa miaka.

Mwishoni mwa Septemba wakaniita dagashida, ule mkutano mkubwa wa watu wazima unaokaa uwanjani na kuamua mambo ya mji. Aliyesimama kusema ni Mzee Masunga, mwenyekiti wao, ambaye msimu ule alikuwa ameuza ng'ombe wake wa kulimia kwa bei ya kutupa. Hakupiga kelele. Alisema polepole, kwa uchungu, akanitazama kama mtu anayemtazama mwanawe. "Mabula, hatukuchukii. Lakini toka kioo hicho kije, jua limezidi. Kitoe, au utoke nacho."

Kama ningekataa, ningetengwa. Nyinyi mmesikia neno hilo, wengi wenu hamjaliona. Ukitengwa hakuna anayekusalimia. Hakuna anayekupa moto wala chumvi. Ng'ombe wako hawanywi lambo moja na wengine, na ukifiwa unazika peke yako. Nyanzala alikuwa na mtoto wa miezi mitatu mgongoni. Na kama ningekubali, ningeng'oa vifaa vya serikali kwa mikono yangu, na ile saa tatu asubuhi ya dunia nzima ingebaki na tundu hapo Nkololo.

Woga ukinishika mimi huwa nakuwa hodari wa maneno. Nikasimama nikawaambia mimi silitumi jua, nalifuata tu. Njia yake naijua kama wao wanavyojua njia ya kwenda mnadani. Nikasema keshokutwa, siku ya mwisho ya Septemba, saa sita kamili, jua litakuwa wima juu ya vichwa vyetu, na nguzo yangu ya chuma haitakuwa na kivuli hata kidogo. Njooni mtazame. Ikiwa na kivuli, ng'oeni kila kitu na mnitenge. Wazee wakatazamana, wakakubali. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Nyanzala aliponiuliza kama nimewahi kuiona hiyo nguzo ikikosa kivuli kwa macho yangu, nilikumbuka kwamba kila Septemba na kila Machi wingu, likizo au ugali wa mchana ulikuwa umeniwahi.

Siku ikafika, anga tupu. Walikuja watu ambao sijui walitoka wapi, wengine kwa baiskeli kutoka Dutwa. Wanaume walizunguka nguzo, wanawake wakakaa pembeni. Mayu Mbuke alikaa mwisho kabisa kwenye kigoda chake, amenipa mgongo kama ilivyo adabu. Nilikuwa na redio ndogo ya betri, na saa yangu niliirekebisha kwa mlio wa taarifa ya habari. Ilipotimia saa sita kamili nikanyoosha mkono kuelekea nguzo, kama mtu wa sinema.

Kivuli kilikuwepo. Kilikuwa kimelala upande wa magharibi, shubiri moja na ushei, cheusi, kimetulia, hakina wasiwasi wowote.

Nilikitazama nikatamani nikikanyage kizame ardhini. Nikaitikisa saa. Kijana mmoja akacheka, mwingine akaanza kukunjua koleo la kukatia waya. Mzee Masunga hakucheka. Aliinama akakipima kivuli kwa kiganja chake, taratibu, akasema kwa sauti ya chini kwamba Mabula, kivuli kipo. Nikamwona Nyanzala anamhamisha mtoto kutoka mgongoni kuja kifuani.

Ndipo ile sauti nene ikatoka kule mwisho, haikuelekezwa kwa mtu.

"Mwambieni mwenye kioo asubiri ng'ombe wanywe."

Masunga akamwuliza ana maana gani. Mayu Mbuke, bado amenipa mgongo, akawaambia wanawake waliokaa karibu naye wawaambie wanaume watazame lambo. Tukageuka wote. Kutoka pale kituoni lambo linaonekana vizuri, na hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Akasema hakuna mchungaji anayepeleka ng'ombe kwenye maji ya mchana kabla ng'ombe hajakanyaga kivuli chake chote kwa kwato nne. Wachungaji hawana saa, na hawajakosea hata siku moja. Kama ng'ombe bado, adhuhuri bado. Jua la huyu lipo njiani, saa yake ndiyo imetangulia.

Watu wale wote walikuwa wachungaji, au watoto wa wachungaji. Jambo hilo walilijua wote tangu wakiwa na miaka saba. Nikaona Masunga anajikuna kidevu, anatazama lambo, anatazama nguzo. Kisha akakaa chini na kusema tusubiri. Mimi nami niliyajua yale, nimechunga Bukundi mpaka darasa la saba. Lakini nilipovaa saa ya mkononi nilimsahau ng'ombe.

Tulisubiri. Hiyo ndiyo nusu saa ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Kivuli kilirudi nyuma kama konokono, mpaka kikabaki vidole vinne, vitatu, viwili. Kwa mbali vumbi likaonekana, kengele za ng'ombe zikasikika, na kundi la kwanza likateremka lamboni. Mtu akasema "hao". Tukageukia nguzo. Ilikuwa saa sita na dakika thelathini na nne. Nguzo ilisimama kwenye udongo mweupe kama imepigwa picha, hakuna alama upande wowote.

Kisha kila mtu akajitazama miguuni. Hakuna aliyekuwa na kivuli ila kile kiduara kidogo cha kichwa na mabega, kimejificha chini ya miguu yake mwenyewe. Watu walianza kucheka. Masunga alinyanyua mguu mmoja kuona kilichomo chini, akashusha, akanyanyua wa pili. Wazee wenye mvi walikuwa wanarukaruka wakijitafuta. Kutoka sokoni ikasikika adhana ya adhuhuri, na hapo nikajipiga paji la uso, maana adhana hiyo nilikuwa nikiisikia kila siku, kila siku baada ya saa sita u nusu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Lakini hatukuwa tumemaliza. Kicheko kilipotulia, Masunga aliuliza swali ambalo mimi na ujanja wangu wote sikulifikiria. Kama Mabula amejua kabla, si ndiyo dalili kwamba analiamuru?

Mayu Mbuke alisimama, na akageuka. Hakunitazama mimi, alimtazama Masunga. "Mimi hilo nalijua tangu msichana, na leo nimewaambia kabla halijatokea," alisema. "Na mimi ni mchawi?"

Mnajua neno hilo lina uzito gani kwa mwanamke mzee, mjane, huku kwetu. Watu wameumizwa kwa neno hilo. Alilichukua mwenyewe mbele ya mji mzima na kuliweka juu ya kichwa chake, ili alitoe kwenye kichwa changu. Nilimwogopea kuliko nilivyojiogopea mwenyewe. Masunga akatazama chini, akasema hapana, mayu. Na kama yeye si mchawi, basi na mwenye kioo siyo, na wachungaji wa nchi nzima siyo. Kesi ikaisha. Nilitozwa mbuzi mmoja kwa kosa la kuwaweka watu juani nusu saa bila sababu. Tulimla jioni ile ile, nami nikapewa shingo.

Mvua ilianza Novemba. Sikuhusika.

Nilimwandikia Bwana Athumani kumlalamikia. Akanijibu kwa kalamu ile ya kuazimisha, maana wino ulikuwa unakatika. Alisema aliniambia adhuhuri, hakuniambia saa sita, na kama ningekuwa msikivu ningejua tofauti. Saa za nchi nzima zimepimwa kwa mstari ulioko baharini, mashariki kabisa ya pwani yetu. Jua likishapita mstari huo lina safari ya kuja Pangani, na kutoka Pangani mpaka Nkololo kuna dakika ishirini zaidi. Septemba linawahi kidogo, Machi linachelewa mpaka karibu saa saba. Saa ni ya taifa, aliandika, lakini adhuhuri kila mtu ana ya kwake. Barua hiyo ninayo mpaka leo.

Machi iliyofuata nilikuwa peke yangu kwenye nguzo, nikisubiri saa saba kasoro dakika saba, safari hii nikiwatazama ng'ombe na siyo mkono wangu. Nikasikia hatua. Mayu Mbuke alikuja na kigoda chake, akakiweka magharibi ya nguzo, mimi nikiwa mashariki, akakaa. Nikataka kuondoka kwa adabu. Akasema, akiitazama nguzo, kwamba leo yeye hana kivuli na mwenye kioo hana kivuli, kwa hiyo hakuna anayeweza kumkanyaga mwenzake, na mpaka vivuli virudi ukwe umesimama. Nilicheka mpaka nikakohoa. Ndivyo tulivyoanza. Dakika nne au tano, mara mbili kwa mwaka, kwa miaka ishirini na mmoja. Kivuli kikianza kujitokeza upande wa mashariki, alibeba kigoda akaondoka, na kesho yake nilikuwa mwenye kioo wa kujibiwa kupitia kwa mbuzi.

Kila mara alikuja na swali moja. Aliuliza jua sasa hivi linaelekea kwa nani. Nikamwambia linavuka ziwa, kisha Kongo, kisha bahari kubwa, kisha misitu ya watu ambao hatutawaona, na kila aliye kwenye mstari wetu leo atapata zamu yake ya kukosa kivuli. Alifurahi sana kusikia ni zamu. Aliuliza dunia ina ukubwa gani mbele ya jua. Nikampa hesabu zote, nikamalizia kwa kujigamba kwamba sisi si kitu, ni vumbi. Akasema yeye ana ng'ombe wengi, na kila mmoja ana jina, na akimwita mmoja katikati ya kundi, yule mmoja anageuka. Kuwa mdogo siyo kutokuwepo. Aliposema Liwelelo, jina letu la Mungu aliyeumba vyote, alielekeza kidevu juu, siyo kidole, maana kidole ni utovu wa adabu.

Safari moja aliniuliza kwa nini nilikasirika sana mwaka ule wa ukame kwa sababu ya ndoo moja ya maji. Nikamgeukia kabla sijajizuia. Alikuwa anaitazama nguzo. Akasema watu walisema kile chungu kina kiu ya mvua, naye aliona bora akinyweshe kishibe, kiiache ya watu, na mkwe wake asifukuzwe. Alibeba maji hayo kutoka lambo lile lenye tope, wakati wa usingizi wa alfajiri, hatua zote zile. Na mimi niliyatangaza redioni kisha nikayamwaga. Nilimwomba radhi nikiitazama nguzo, na kivuli kikarudi kabla hajajibu.

Lakini lile la mwanga ndilo lililompendeza kuliko yote. Nilimwambia mwanga uliotupiga utosini uliondoka kwenye jua dakika nane zilizopita. Akahesabu. Dakika nane zilizopita alikuwa bado nyumbani anamfunga ndama. Basi, alisema, uliondoka kuja kwangu kabla mimi sijafika. Mimi na ubishi wangu nikamsahihisha kwamba haukuja kwake, unaenda kila upande. Akauliza kama nilikuwa na haja ya kulisema hilo. Kuanzia hapo alikuwa akifika mapema, anatangulia kukaa. Alisema siyo adabu mgeni atoke mbali hivyo aje akute kigoda kitupu.

Nilistaafu. Wakaleta ule mlingoti wenye sola, unapima wenyewe na kutuma wenyewe, haulali, hauchelewi, na haujawahi kudanganywa na ndoo. Siusemi vibaya. Kioo changu kiko ofisi moja mjini Bariadi, juu ya kabati, kimegandamiza mafaili mahali jua lisipofika, na kila nikienda kufuatilia jambo nakipangusa kwa mkono wa shati. Nguzo waliiacha kwa kuwa haimo kwenye orodha. Nanyi njooni, siku ya mwisho ya Septemba. Simu njooni nazo mpige picha mkitaka, ila msizitumie kujua saa. Simameni mjitafute miguuni. Kwa dakika hiyo jua liko juu ya utosi wako, na chini ya nyayo zako, moja kwa moja, ni kitovu cha dunia, na wewe uko katikati ya mstari, wewe wa Nkololo, wewe wa Dutwa, bila kumwomba mtu ruhusa. Kisha inakuwa zamu ya mwingine.

Mayu Mbuke alifariki wiki moja kabla ya mwisho wa Septemba, miaka minne sasa. Macho yalikuwa yamemwishia, lakini adhuhuri aliijua kwa utosi. Nilizika nikiwa nyuma ya watu, kama inavyompasa mkwe. Siku ya mwisho ya mwezi nilikwenda kwenye nguzo kwa mazoea ya miguu tu. Nilisimama mashariki nikaitazama ile sehemu tupu ya magharibi, na nitasema wazi, nililia kama mtoto.

Nyanzala akaja nyuma yangu na kigoda. Akaniambia mama yake, siku ile alipojua hataamka tena, alimwachia maneno ya kuniletea, na alimkataza kuyasema mpaka siku hii, mpaka mahali hapa.

"Alisema, mwambieni mwenye kioo mimi nimetangulia. Akifika, atakuta nimeshakaa."

Nilianza kucheka na machozi bado yapo. Nyanzala naye akacheka, sauti nene ile ile, sijui aliirithi lini. Kisha akaweka kigoda magharibi ya nguzo, akakaa, tukasubiri ng'ombe wanywe.